Mama Yetu na Picha ya Kinu

"Mama, kwenye picha hii kuku wako wapi?"

Swali hilo marehemu mama yetu aliulizwa na jirani yetu muuza mayai, Jumapili tarehe 5 Februari mwaka huu wa 2017, alipopita baada ya ibada kumjulia hali. Picha aliyokuwa akiitazama ukutani ndiyo hiyo iliyochapishwa kwenye jalada la ratiba mlizoshika. Wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, mchi mmoja uko juu, mwingine uko chini. Huyo mwembamba wa kushoto ni mama yetu, akiwa bibi harusi wa miezi saba. Wa kulia, mwenye kilemba cheupe, ni wifi yake, yaani dada yake baba, shangazi yetu, ambaye Mungu amemjalia tunaye hapa leo.

Jirani yetu anafuga kuku, na macho yake huwatafuta kuku hata mahali wasipokuwepo. Alisema tangu azaliwe hajaona watu wakitwanga mahindi bila kuku kuwazunguka miguuni wakigombea punje. Tulicheka sote chumbani, isipokuwa mama. Jibu la swali hilo nitalisema mahali pake, maana wasifu una utaratibu, na marehemu hakupenda mambo ya kurukaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1939, alfajiri, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mama yake mfinyanzi wa vyungu. Alizaliwa mdogo mno, hata wakunga wakamlaza ndani ya ungo uliotandikwa kitambaa na kumweka karibu na jiko apate joto. Waliokuja kumpa pole mama yake walikuta mtoto ananyonya. Mpaka uzeeni, mtu akimtania kwa wembamba wake, alijibu kwamba yeye alipepetwa mapema, pumba zote zikaruka, ikabaki punje.

Alianza shule mwaka 1948 akamaliza darasa la nne mwaka 1951. Darasa la tano lilikuwa mbali, na miguu ya mtoto wa kike siku zile ilihesabiwa kuwa ni ya kwenda kisimani. Hakulalamika, ila kusoma hakukuacha. Tulipokuwa wadogo, chumvi ikiletwa kutoka dukani imefungwa kwenye kipande cha gazeti, haikuingia chunguni mpaka mama amalize kusoma kipande kile. Baba alikuwa akisema chakula cha nyumba hii kinachelewa kwa sababu ya habari za dunia.

Tarehe 6 Desemba 1958, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, akahamia nyumbani kwa mama mkwe wake. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, kibanda cha baiskeli mbele na jiko la udongo nyuma. Bibi yetu huyo alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa kama panga, ikishakata haiungi. Mali yake kubwa ilikuwa kinu alichoachiwa na mama yake, kilichochongwa kwa gogo moja, cheusi kwa umri. Alikuwa ameshatangaza kwamba akifa kitakuwa cha binti yake, yaani shangazi, kwa sababu hakuna aliyejua kutwanga kama yeye. Watu walisema wakisikia mchi wake walijua saa bila kutazama jua.

Mama na wifi yake walipendana, walikuwa chanda na pete. Siku ya kwanza kabisa shangazi alimtazama bibi harusi kutoka juu mpaka chini akasema kaka yake ametumwa mke akaleta ufito. Mama, ambaye bado alikuwa na aibu ya ugeni, akamjibu taratibu kwamba fito ndizo zinazoshika udongo wa nyumba. Wakacheka, na urafiki ukaanzia hapo.

Sasa picha. Ilipigwa siku ya Alhamisi tarehe 16 Julai 1959. Tarehe hiyo iko nyuma yake kwa mwandiko wa mpiga picha mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuzunguka mitaani na kamera, akapata pancha, akaleta baiskeli kwa baba. Wakati wa kungoja akachungulia uani akakiona kinu. Bibi hakuwepo, alikuwa amekwenda kung'oa jino. Mpiga picha akasema anataka picha ya watu wakitwanga. Mama akamwambia wameshamaliza tangu asubuhi, mahindi yako mkekani yanakauka, na pumba wamepewa kuku nyuma ya jiko. Yule bwana akasema si neno, picha haina tumbo, watwange hivyo hivyo.

Kila aliyekulia kwenye kinu anajua kwamba kinu hakitwangwi kitupu, na wakati wa kiangazi ndiyo kabisa. Mti umekauka, na mahindi ndiyo godoro lake. Mchi ukikosa nafaka unakipiga kinu chenyewe. Lakini walikuwa vijana, na picha siku zile ilikuwa jambo la mtu kupata mara moja maishani.

Hadithi tuliyolelewa nayo sisi watoto ni hii. Walitwanga wote wawili kwa zamu, mpiga picha akapiga picha yake, akawaambia waendelee kidogo apige nyingine. Mchi wa shangazi ukashuka kwa nguvu zake zile zinazojulikana, na kinu kikapasuka kutoka chini mpaka mdomoni. Bibi akarudi na shavu limevimba, akakikuta. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu ni nani. Shangazi akapiga magoti akasema, "Ni mimi, mama."

Bibi akamwambia kuanzia leo wewe ni mtu wa ungo. Na ikawa hivyo. Kinu kilipasuliwa kikawa kuni za siku tatu. Kilipochongwa kipya, shangazi hakukigusa. Alikuwa akikaa chini na ungo akipepeta alichotwanga mke wa kaka yake. Picha ilipoletwa, bibi aliitundika sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa siku binti yake alipokiua kinu. Ndipo akapata lile jina mnalolijua wengi wenu, Mvunja Kinu. Watoto wa mtaani walilifupisha wakawa wanamwita Mvunja. Baba yetu, ambaye alimpenda dada yake sana, alimwita hivyo kwa utani mpaka siku aliyofariki, tarehe 21 Agosti 1998. Hata shangazi alipoolewa, jina lilifika ukweni kabla yake. Kule alijiambia mwenyewe kwamba mkono wake una mkosi, akawaachia majirani wamtwangie, naye akawatekea maji. Mtu aliyekuwa akisikika mtaa mzima hakushika tena mchi.

Kazi. Mwaka 1966 marehemu aliajiriwa jikoni hospitalini, akaanza kwa kuosha sufuria, akapanda akawa mpishi mkuu, akastaafu tarehe 31 Desemba 1994. Waliofanya naye kazi wako hapa, nao watakubali kwamba katika miaka ile yote, sahani ikivunjika jikoni, bakuli likipotea, maziwa yakiungua, aliyesema "ni mimi" alikuwa mama, hata siku ambayo hakuwa zamu. Bwana stoo alichoka. Siku moja alimwita mbele ya wenzake akamwuliza, "Mama, kwa hesabu hii, wewe una mikono mingapi?" Mama akamwambia aandike tu. Sisi tuliona ni upole. Tulijisifu kwa watu kwamba mama yetu anabeba makosa ya wenzake.

Bibi alifariki mwaka 1974. Kabla hajafa aliwaita wote kitandani akagawa vitu vyake. Shangazi alimwomba msamaha tena wa kinu, bibi akamwambia ameshamsamehe, ila asikishike hiki kingine. Kisha akasema kinu kipya kipewe mkwe wake, maana huyu ndiye mwenye mkono wa kutunza. Mama alikuwa amesimama pale miguuni pa kitanda. Kinu kikaletwa kwetu pamoja na picha. Picha mama aliitundika kwa sababu baba alitaka. Kinu alikiweka jikoni akakigeuza mdomo chini, na sijawahi kumwona akikitumia hata siku moja. Mahindi yetu yalikwenda mashineni hata siku ya mvua, na mashine ilikuwa mbali. Majirani walisema mke wa fundi baiskeli anapenda usasa.

Ugonjwa ulianza Septemba 2015. Ulikuwa moyo. Miguu ilijaa maji, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi na mito mitatu mgongoni. Daktari alimbadilishia dawa mara nne. Kilichotusumbua zaidi sisi tuliomwuguza ni kwamba halali. Unamwacha macho wazi, unamkuta macho wazi. Tuliomba sana juu ya jambo hilo, na wana maombi wa kanisani walifika kila Ijumaa. Mungu alituletea muuza mayai.

Sasa jibu la swali lake. Alipouliza habari za kuku, nilianza kumsimulia mimi, binti wa pili wa marehemu, kama tulivyozoea kusimulia, kwa kicheko. Nikamwambia kuku hawakuwepo kwa sababu kinu kilikuwa kitupu, na huyo mwenye kilemba ndiye aliyekipasua.

Mama akasema, "Si yeye."

Nilidhani ni ugonjwa. Nikamrekebishia mto. Akaushika mkono wangu akasema tena si yeye, ni mimi, na leo usiniwekee mto, nisikilize.

Akaeleza. Mpiga picha alipoanza, shangazi alikuwa ndani anatafuta kilemba safi. Picha ya kwanza aliyojaribu ilikuwa ya mama peke yake. Mama alikuwa mgeni katika nyumba, mwembamba, amechoka kuambiwa ufito, akataka aonekane na yeye ana nguvu. Akatwanga kinu kitupu kwa nguvu zake zote. Pigo la tatu akasikia kinu kinalia ndani, kama kuni kavu inapovunjwa gotini. Akainama akatia mkono, akaugusa ufa wenye urefu wa kidole. Akanyamaza. Alijiambia mpiga picha akiondoka atakiloweka, kitaziba. Wifi akatoka na kilemba chake, mzuri, anacheka, akashika mchi. Mama alitaka kumwambia asipige. Akaogopa kuulizwa kwa nini. Wakapiga, na kinu kikamalizikia mikononi mwa shangazi.

"Alipopiga magoti," mama akaniambia, "maneno yangu yalikuwa hapa." Akagusa koo lake. "Nikayameza. Na mtu akimeza kitu siku ya kwanza, siku ya pili anaona haya kukitapika."

Jirani yetu muuza mayai alisimama akasema jamani yeye aliuliza kuku tu. Mama akamwambia akae, amalize chai.

Alinituma nimwite wifi yake. Shangazi aliletwa na mwanawe siku ya Jumatano tarehe 8 Februari, mchana. Ana miaka themanini na moja, anatembea na fimbo, lakini ulimi wake hauna fimbo. Aliingia akisema ufito bado unasimamisha nyumba. Mama hakucheka. Aliomba tumwinue akae wima, akamweleza yote, bila kupunguza, kuanzia kilemba mpaka siku ile ya kitanda cha bibi.

Shangazi alivuta kiti akaketi. Aliomba chai. Nikaleta. Akainywa mpaka mwisho, polepole, akaweka kikombe chini. Kisha akauliza swali moja.

"Na siku mama anakufa, ulisimama pale miguuni. Ulinyamaza tena?"

"Nilinyamaza, wifi."

Shangazi akachukua fimbo yake akatoka. Nilijua anakwenda kwao. Mama alifumba macho, machozi yakawa yanateremka bila sauti. Nilishika mkono wake nikaanza kusali, na sijui niliomba nini.

Halafu tukasikia jikoni kitu kizito kinaburutwa. Shangazi alikuwa amemwamuru mwanawe akigeuze kinu mdomo juu. Aliomba mahindi viganja vitatu, akayanyunyizia maji kama inavyotakiwa, akasubiri kidogo, akampa mwanawe fimbo amshikie, akachukua mchi. Hakutwanga sana, umri hauruhusu. Lakini mlio ule ulifika chumbani, mmoja, na mwingine, na mwingine, umepangwa kama saa ya ukutani. Mama akafumbua macho. Majirani wawili walikuja uani kutazama kuna nini.

Aliporudi alikuwa na pumba kifuani na jasho usoni.

"Kipo kizima," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Miaka hamsini na saba nimeshika ungo kwa ajili yako, we ufito. Nimejiona nina mkono wa shoka. Nimewaogopa hata wajukuu zangu kuwabeba." Akajifuta uso. "Ningekuwa na nguvu ningekuchapa. Sasa nimechoka. Sogea huko nilale."

Mama akasogea. Wakalala wote wawili kitanda kimoja, mchana kweupe, mgongo kwa mgongo. Nilichungulia mara tatu kwa hofu, nikakuta mama anakoroma. Mito miwili ilikuwa sakafuni. Mimi nilikaa kizingitini nikalia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua ndoo.

Sisemi kwamba kukiri kunatibu moyo. Daktari alisema moyo umechoka vile vile, na dawa zikabaki zile zile. Ninachosema ni kwamba miezi mitatu iliyofuata tulikuwa na mama ambaye hatukuwahi kuwa naye. Alikula. Alitaniana. Shangazi alihamia kwetu kabisa, na kila asubuhi alikuwa akimuuliza mgonjwa leo anataka kuungama nini kingine, maana yeye bado ana miaka michache ya kusikiliza. Siku moja mama akamwambia ndiyo, lipo, kile kilemba cheupe kilipopotea mwaka 1960, alikichukua yeye. Shangazi alikaa siku mbili hasemi naye, kisha akaomba kifutwe katika dhambi kwa sababu hakikumpendeza hata yeye mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimsumbua marehemu. Jina lile lilikuwa limesambaa kwa watu wengi, na yeye hakuwa na nguvu za kusimama mbele yao. Alisema chumba kimesikia, lakini jina halikupewa chumbani.

Marehemu alilala mauti nyumbani siku ya Jumanne tarehe 9 Mei 2017, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Alikuwa ametoka kuomba maji. Shangazi alikwenda kuyaleta, na aliporudi na kikombe alikuta mwenzake ameshakwenda, uso umetulia. Aliniita kwa sauti ya kawaida. Alisema njoo mwanangu, huyu amelala vizuri. Tunamshukuru Mungu kwa kifo cha namna hiyo, na tunawashukuru daktari, wauguzi, wana maombi na jirani yetu muuza mayai.

Ameacha watoto watano, wajukuu kumi na wanne, vitukuu watatu, mdogo wake mmoja wa kiume, na wifi yake. Mtoto wake wa tatu alitangulia mwaka 1971 akiwa mchanga, na leo wanalala jirani. Mungu ampe mama yetu pumziko, yeye ambaye ameanza kulionja akiwa bado pamoja nasi.

Jana tulipokuwa tunapanga ratiba hii, kaka yetu mkubwa aliniuliza kama ni heshima kumsoma mama hivi mbele ya kadamnasi. Alisema wasifu ni wa kumsitiri marehemu. Namwelewa kaka, naye ananisamehe. Lakini Jumapili tarehe 30 Aprili, nilipokuwa namchana nywele, mama alinipa agizo, akanitaka nilirudie mara mbili ili ahakikishe nimelishika. Alisema hivi:

"Mkifika kaburini msianze kunisifu. Semeni kwanza kwamba kinu nilikipasua mimi, wifi yangu hana kosa. Wakishasikia wote, ndipo mnizike."